Nguo za Watu Wanne na Makarai ya Zege: Uhakiki wa Visa vya Kufundishia Muda wa Uchakataji katika Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki visa na sitiari zinazotumiwa kueleza jinsi kichakataji cha kompyuta kinavyoshughulikia maagizo mengi kwa pamoja, kila agizo likiwa katika hatua yake, na jinsi muda wa kazi hiyo unavyokokotolewa. Kisa kinachochunguzwa kwa kina ni kile cha ufuaji wa nguo, ambacho kimetawala ufundishaji wa somo hili. Inadaiwa kwamba kisa hicho kina kasoro ya kimuundo inayoonekana kwa hesabu; kwamba neno "bomba", likitumiwa kama tafsiri ya moja kwa moja, halimfai mwanafunzi wa Kiswahili; na kwamba kitenzi pokezana, kikiunganishwa na mapigo ya nyimbo za kazi, kinatoa msingi ulio imara zaidi, ingawa nacho kina mipaka yake.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kukisoma kisa kwa kuuliza kinasema nini na kinalisema kwa njia gani. Ni nadra kuliuliza swali hilo kuhusu visa vifupi vilivyomo katika vitabu vya sayansi: kisa cha treni na mwanga, cha paka ndani ya sanduku, cha wanafalsafa watano mezani. Visa hivyo havihesabiwi kuwa fasihi, na huenda ni sawa. Hata hivyo, vinasomwa na watu wengi kuliko riwaya nyingi, na msomaji anayevifasiri vibaya haishii kubishana na msomaji mwenzake. Anapata jibu lisilo sahihi.

Nililazimika kulitafakari jambo hili kutokana na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuandika kwa Kiswahili maelezo mafupi ya jinsi kichakataji kinavyoharakisha kazi kwa kuigawa katika hatua. Nililitumia neno "bomba" kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndilo neno ambalo kamusi ilinipa, na nikaridhika. Msomaji wangu wa kwanza, kijana aliyehitimu uhandisi, alinirudishia karatasi ikiwa na swali moja pembeni: "Mwalimu, maji yakiingia kwenye bomba hutoka maji yaleyale. Hapa kinachotoka ni nini?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo, na pia ni masahihisho.

Juhudi za kukipa Kiswahili msamiati wa kompyuta si mpya. Tumeshuhudia "ngamizi" likipendekezwa na kuachwa, "tarakilishi" likishika mizizi Kenya huku Tanzania wengi wakibaki na "kompyuta", na mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Juhudi hizo zilishughulika zaidi na majina ya vitu ambavyo mtumiaji anaviona kwenye kioo: faili, dirisha, kipanya. Yaliyomo ndani ya mashine yalibaki bila msemaji. Mjadala wetu umekuwa wa majina, ilhali kwa mambo ya ndani tatizo si jina. Tatizo ni usimulizi.

2.0 Jambo Linalosimuliwa

Kabla ya kuhakiki kisa, yafaa tujue kinachosimuliwa. Kichakataji hutekeleza agizo kwa hatua. Katika mpangilio unaofundishwa zaidi, uliotokana na mradi wa MIPS ulioanzishwa na John Hennessy katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1981, hatua ni tano: kulileta agizo kutoka kwenye kumbukumbu, kulifumbua na kusoma rejista, kufanya hesabu, kuifikia kumbukumbu ya data, na kuandika jibu katika rejista. Katika kitabu "Computer Organization and Design", David Patterson na Hennessy wanazipa hatua hizo muda wa mfano: pikosekunde 200, 100, 200, 200 na 100, yaani jumla ya pikosekunde 800 kwa agizo la kupakia data. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Ikiwa kichakataji kitasubiri agizo moja likamilike ndipo kianze jingine, maagizo matatu yatachukua pikosekunde 2,400. Lakini kifaa kinacholeta maagizo hakina kazi mara tu agizo la kwanza linapokiacha. Kwa nini kisilete la pili? Hilo ndilo wazo lote. Agizo la kwanza likiwa linafumbuliwa, la pili linaletwa. La kwanza likiwa linakokotolewa, la pili linafumbuliwa na la tatu linaletwa. Kila hatua hupewa muda sawa, nao ni muda wa hatua iliyo ndefu kuliko zote, pikosekunde 200, kwa sababu saa ya kichakataji hupiga pigo moja kwa wote. Maagizo matatu sasa huchukua mapigo saba, yaani pikosekunde 1,400.

Kanuni ni hii: ikiwa k ni idadi ya hatua, n idadi ya maagizo, na p urefu wa pigo moja, basi muda wote ni (k + n − 1) × p. Kwa maagizo 1,000 katika hatua tano tunapata mapigo 1,004, yaani pikosekunde 200,800, badala ya 800,000. Uwiano ni takribani 3.98. Haufiki 5, ijapokuwa hatua ni tano, kwa kuwa hatua mbili za pikosekunde 100 zimelazimishwa kutembea kwa mwendo wa 200. Katika mashine halisi huongezwa pia muda mdogo wa kuhifadhi matokeo kati ya hatua na hatua, kwa hiyo pigo hurefuka kidogo zaidi.

Kuna jambo moja hapa ambalo kisa chochote kinachofaa hakina budi kulibeba. Agizo moja, likitazamwa peke yake, halikuharakishwa. Lilikuwa likichukua pikosekunde 800. Sasa linapitia mapigo matano ya 200, yaani 1,000. Limecheleweshwa. Kilichoharakishwa ni kundi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mbinu hii "huongeza kasi" ameambiwa nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoulizwa kwenye mtihani. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyolimaliza jambo hili bila istilahi yoyote mpya: kila agizo linachelewa, lakini maagizo yanawahi. Sijaona maelezo yanayoitumia jozi hiyo, na sielewi kwa nini.

3.0 Bomba

Nitalipitia neno hili kwa haraka, maana upungufu wake umeshasemwa na kijana yule. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia "bomba" katika muktadha wa uchumi hufikiria bomba la mafuta: lile la TAZAMA, lililounganisha Dar es Salaam na Ndola mwishoni mwa miaka ya 1960, au lile la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Katika picha hiyo kuna mambo mawili ya kweli. Bomba tupu huchukua muda kujaa kabla ya tone la kwanza kutoka upande wa pili, na sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo inayoamua kiasi kinachopita. Hayo yote yanalingana na kichakataji.

Yasiyolingana ni mengi zaidi. Mafuta hayahesabiki, ni nomino ya wingi usiogawika, wakati kanuni yetu imejengwa juu ya n, idadi ya vitu vinavyohesabika. Bomba halina hatua, na halikifanyii kitu kinachopita jambo lolote, ila kukisafirisha. Agizo hubadilika kila linaposogea: linaingia likiwa tarakimu zisizofumbuliwa na linatoka likiwa jibu. Kwa Kiingereza sitiari hii imetumika muda mrefu kiasi kwamba wasemaji wake hawaioni tena. Imekufa, na sitiari iliyokufa haimpotoshi mtu. Tukiitafsiri, tunaifufua. Mwanafunzi wa Kiswahili anakutana na bomba likiwa hai, likiwa na maji yake ndani.

4.0 Kisa cha Nguo

Kisa chenyewe ni maarufu. Katika kitabu tulichokitaja, Ann, Brian, Cathy na Don kila mmoja ana mzigo wa nguo chafu. Mzigo unafuliwa kwenye mashine, unakaushwa kwenye mashine ya pili, unakunjwa, kisha mwenzao wa chumba anaombwa azipange nguo kabatini. Kila hatua inachukua nusu saa. Wakifua kwa zamu, mmoja akimaliza yote ndipo mwingine aanze, wanaoanza saa 12 jioni watamaliza saa 8 usiku. Wakiingiza mzigo wa pili mara tu mashine ya kufulia inapoachwa na mzigo wa kwanza, watamaliza saa 3 na nusu usiku. Saa nane zimekuwa saa tatu na nusu.

Kama kisa, kina sifa zake. Wahusika ni wachache, tendo linajulikana, na tofauti ya muda ina uzito wa kibinadamu: mtu anayelala saa 4 usiku si sawa na anayelala saa 8. Mwandishi wa hadithi fupi angeupenda mwisho huo. Si ajabu kwamba kimeenea kiasi hiki.

Lakini kisa hiki kina mandhari, na mandhari hayo yanafanya kazi ambayo msomaji wa Marekani haioni. Kuna mashine moja ya kufulia na moja ya kukaushia. Hamisha kisa hadi kwenye ua wa nyumba ya Tanga au Kisumu, ambako nguo hufuliwa kwenye beseni na kuanikwa kwenye kamba. Beseni ni moja, sawa. Kamba je? Kamba inapokea mzigo wa Ann, wa Brian na wa Cathy kwa pamoja, na nguo za wote hukauka wakati mmoja kwa jua lilelile. Hatua ya pili imekoma kuwa hatua inayobeba mzigo mmoja kwa wakati mmoja, na hesabu yote inaanguka. Mtafsiri anaweza kuishika mashine ya kukaushia na kumwomba msomaji aifikirie. Lakini hapo kisa kimepoteza sababu ya kuwapo kwake, yaani kuanzia kwenye jambo ambalo msomaji analijua kwa mikono yake.

Hiyo ni kasoro ya uhamisho, na mtu anaweza kusema si kosa la kisa. Kasoro ya pili ni ya kisa chenyewe. Katika mihadhara ya somo hili limeenea toleo jingine, ambalo linajaribu kuonyesha kwamba hatua halisi hazilingani. Humo kufua huchukua dakika 30, kukausha dakika 40, na kukunja dakika 20. Mizigo bado ni minne. Kwa zamu, jumla ni dakika 90 mara nne, yaani saa 6. Kwa kupishana, kisa kinasema, ni saa tatu na nusu. Tuhakikishe. Mzigo wa kwanza unatoka kwenye kufuliwa dakika ya 30. Mashine ya kukaushia inafanya kazi mfululizo kwa mizigo minne, dakika 160, hadi dakika ya 190. Mzigo wa mwisho unakunjwa kwa dakika 20. Jumla ni dakika 210, saa tatu na nusu kamili.

Sasa tutumie kanuni ya kichakataji. Hatua ni tatu, mizigo ni minne, pigo ni dakika 40 kwa kuwa hatua ndefu ndiyo inayotawala: (3 + 4 − 1) × 40. Jibu ni dakika 240. Saa nne.

Kisa na kanuni vimetofautiana kwa nusu saa, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Tofauti inatokana na kitu ambacho kisa hakina: saa inayowapigia wote pigo moja. Wafuaji wetu wanasogea kila mmoja anapokuwa tayari. Ann hasubiri dakika ya 40 ndipo atoe nguo kwenye mashine. Anazitoa dakika ya 30. Don hasubiri pigo limalizike baada ya kukunja kwa dakika 20, amekwenda zake. Katika kichakataji cha kawaida hakuna anayekwenda zake. Hatua ya pikosekunde 100 ikimaliza kazi, inakaa kimya pikosekunde 100 nyingine, na ndiyo maana agizo moja linachelewa. Toleo la nguo lenye hatua zisizolingana limeficha hasa ile nusu ya kweli tuliyosema ndiyo ngumu kuelewa. Toleo la kitabuni linaukwepa mtego kwa kuzipa hatua zote nusu saa: hatua 4, mizigo 4, mapigo 7 ya dakika 30, dakika 210. Matoleo mawili yanatoa jibu moja la saa tatu na nusu, na usawa huo wa bahati tu umewafanya wengi wasione kwamba yanasimulia mashine mbili tofauti. Mwanafunzi aliyeelewa toleo la pili kikamilifu, na kwa akili zake mwenyewe, ndiye atakayekosa.

5.0 Kupokezana

Kitenzi pokezana kimejengwa kwa uzuri: pokea, pokeza, pokezana. Ndani yake mna kupokea, mna kufanya mwingine apokee, na mna kutendeana. Hakuna neno la bomba linalosema kwamba kila mmoja ni mpokeaji na mtoaji kwa zamu. Kitenzi hiki kinalisema kwa viambishi. Pendekezo langu ni kwamba usimulizi wa jambo hili kwa Kiswahili uanzie hapo.

Kuna hatari, nayo ni kubwa. Matumizi yanayojulikana zaidi ya kitenzi hiki ni mbio za kupokezana vijiti. Katika mbio hizo wakimbiaji wa timu ni wanne, lakini kijiti ni kimoja, na wakati wowote anayekimbia ni mmoja tu, watatu wamesimama. Muda wa timu ni jumla ya muda wa wote. Hiyo ndiyo mashine ya zamani, ile ya n × k, ambayo tunajaribu kuiacha. Mwalimu akitamka "kupokezana" na mwanafunzi akaona uwanja wa riadha, somo limegeuka kinyume chake.

Kinachobadilisha maana ni idadi ya vitu vinavyopita. Linganisha sentensi mbili: "Walipokezana kijiti" na "Walikuwa wakipokezana makarai." Katika ya kwanza, -li- inafunga tendo na yambwa ya umoja inawaacha watu wengine mikono mitupu. Katika ya pili, -ki- inaliacha tendo wazi, na wingi wa makarai unawapa watu wote kazi kwa wakati mmoja. Mnyambuliko wa kutendana peke yake hausemi lolote kuhusu kupishana kwa wakati. Unahitaji njeo na idadi. Walimu wa sarufi wataitambua hoja hii. Walimu wa kompyuta wanaihitaji zaidi.

Kisa ninachokipendekeza, basi, ni cha mahali pa ujenzi pasipo na winchi. Zege linachanganywa chini. Juu, ghorofa ya kwanza, fundi anamwaga. Kati yao, kwenye ngazi na jukwaa, wamejipanga vibarua watano, na karai linatoka mkono kwa mkono. Kila mtu anashika karai moja. Hawezi kupokea jingine kabla ya kutoa alilonalo, na hawezi kutoa kabla ya mwenzake wa mbele kuwa mtupu. Masharti yote ya kichakataji yamo humo bila kuelezwa: hatua zinazohesabika, kitu kimoja kwa hatua, na mmoja aliye mzito akiwachelewesha wote.

Hesabu nayo inaonekana kwa macho. Karai la kwanza linapita mikono mitano, pigo kwa pigo. Mwisho wa pigo la tano fundi amelipokea. Mwisho wa pigo la sita amepokea la pili, na la saba la tatu. Makarai matatu, watu watano, mapigo saba.

Wanafunzi wengi huandika k + n, si k + n − 1, na nadhani chanzo kimo kwa kiasi fulani katika lugha. Kwa siku, "kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa" ni siku tano, tunahesabu vituo. Kwa saa, "kuanzia saa 2 hadi saa 5" ni saa tatu. Tunahesabu nafasi zilizo kati ya vituo. Muundo wa maneno ni mmoja na hesabu ni mbili, na hakuna msemaji anayehisi mgongano mpaka alazimike kuandika kanuni. Dawa yake imo katika lugha hiyohiyo. Semeni: karai la kwanza limeshahesabiwa ndani ya yale mapigo matano; yaliyobaki ni n kutoa moja, na kila moja linaongeza pigo moja. Ile -mesha- ndiyo inayobeba "kutoa moja". Mwanafunzi anayeisikia hana haja ya kukariri.

6.0 Mapigo

Mtu atauliza: vibarua nao si kama wafuaji, kila mmoja akisogea anapokuwa tayari? Wakifanya kazi kimya, ndiyo. Lakini kazi ya kupokezana kwa muda mrefu haifanywi kimya. Kuna mwimbishaji na waitikiaji, na karai linahama kwenye kituo cha wimbo, si kabla wala baada. Watafiti wa nyimbo za kazi wameeleza mara nyingi kwamba wimbo huunganisha nguvu na kupunguza uchovu. Lisilosisitizwa vya kutosha ni kwamba wimbo pia humzuia aliye mwepesi. Kijana mwenye nguvu kwenye ngazi ya chini angeweza kutoa karai nusu ya pigo mapema; wimbo unamkataza, kwa sababu mwenzake wa juu, aliyeinama na kugeuka, hajawa tayari. Mwimbishaji hodari huchagua mwendo kwa kumtazama aliye katika mahali pagumu kuliko pote.

Hiyo ndiyo saa ya kichakataji. Muda wa pigo ni muda wa hatua ndefu kuliko zote, na wepesi wa wengine unapotea kwa makusudi ili safu isivurugike. Kisa cha nguo hakikuwa na mwimbishaji, ndiyo maana kilipata dakika 210 badala ya 240. Katika taaluma yetu neno "mapigo" tayari tunalo, kwa mdundo wa wimbo na wa ngoma. Na fundi saa, na daktari wa moyo, wanalitumia vilevile. Sioni sababu ya kutafuta jingine.

Kisa hiki kinaeleza pia jambo ambalo nguo haziwezi kulieleza: kwa nini wahandisi hawaongezi hatua bila kikomo. Ukiweka vibarua kumi mahali pa watano, kila mmoja anasogeza karai umbali mfupi, na wimbo unaweza kuimbwa kwa kasi zaidi. Kichakataji cha Pentium 4, kilichotoka mwaka 2000, kilikuwa na hatua 20, na toleo la mwaka 2004 lililoitwa Prescott lilifikisha 31. Safu ilikuwa ndefu na mapigo yalikuwa ya haraka. Lakini msimamizi akipaza sauti kutoka juu kwamba nguzo iliyokuwa ikijazwa siyo, makarai yote yaliyomo njiani ni kazi bure, na katika safu ya watu 31 makarai ya njiani ni mengi. Mwaka 2006 kampuni hiyohiyo, Intel, ilirudi kwenye muundo wa hatua 14.

7.0 Mikono Mitupu

Hadi hapa tumedhani kwamba karai halilijui karai jingine. Maagizo yanajuana. Agizo la pili likihitaji jibu la agizo la kwanza, na la kwanza bado halijalipata, la pili halina budi kusubiri. Waandishi wa kisa cha nguo waliliona pengo hili, wakaongeza matukio: soksi moja inayogunduliwa kwenye meza ya kukunjia haina mwenzake, na baadaye sare za timu ya mpira ambazo lazima zitazamwe zikiwa zimekauka ndipo ijulikane kama sabuni na joto vilitosha kwa mzigo unaofuata. Ni werevu, lakini ni kisa kinachoingiza wahusika wapya kila kinapokwama, na msomaji wa hadithi anaijua dalili hiyo.

Kisa cha makarai kinakwama mahali palepale, na sitaki kulificha hilo. Zege ni zege. Hakuna karai linalohitaji kuambiwa kilichomo katika lililotangulia. Zaidi ya hayo, wajenzi husema zege halilali: likishachanganywa lazima limwagwe siku hiyohiyo. Agizo la kompyuta linaweza kulala. Linaweza kushikiliwa katika hatua ya pili kwa pigo moja au mawili bila kuganda. Mwalimu atakayetumia kisa hiki aseme waziwazi kwamba kuanzia hapa kisa kimekoma na mashine inaendelea peke yake. Katika MIPS ya mwanzo, jina lenyewe lilitangaza kwamba hatua hazikuwekewa kifaa cha kuzisimamisha. Jukumu la kupanga maagizo yasigongane liliachiwa programu inayogeuza maandishi ya mwanadamu kuwa maagizo ya mashine. Safu isiyo na msimamizi, yaani, inayotegemea kwamba aliyepanga makarai chini hakukosea mpangilio.

Kinachobaki na manufaa ni picha ya safu wakati wa kusubiri. Mtu wa pili akishikilia karai lake pigo moja zaidi, mtu wa tatu hapokei kitu. Pigo linalofuata mtu wa nne hapokei kitu. Na utupu huo unapanda ngazi kama karai lisilokuwapo, hadi kwa fundi. Wenye Kiingereza huuita kiputo, wakifuata ile sitiari ya bomba. Sisi tunaweza kuuita mikono mitupu, na tukauhesabu: kila mikono mitupu inayomfikia fundi ni pigo moja lililoongezeka. Kanuni inakuwa (k + n − 1 + m) × p, ambapo m ni idadi ya mikono mitupu. Tuseme katika maagizo yetu 1,000, agizo 40 kati yake yanasubiri data kwa pigo moja moja, na matawi 30 yaliyokisiwa vibaya yanapoteza mapigo mawili kila moja. Hapo m ni 100, mapigo ni 1,104, na muda ni pikosekunde 220,800. Ule uwiano wa 3.98 umeshuka hadi 3.62.

Limebaki neno la tendo la kuyaondoa maagizo yaliyoingizwa kimakosa baada ya tawi kukisiwa vibaya. Katika rasimu yangu ya kwanza, nikiwa bado ndani ya bomba, niliandika "kumwaga". Mahali pa ujenzi kumwaga ndiko kukamilisha: zege likishamwagwa, kazi imefika. Neno hilo lingemwambia mwanafunzi kwamba maagizo yaliyofutwa ndiyo yaliyofanikiwa. Nimelibadilisha kuwa "kutengua".